Kwa Nini Mpelelezi wa Kiswahili Hakuzaliwa Mvita

Watajie wasomaji wa Kiswahili riwaya za upelelezi, nao watakurudishia majina yale yale. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni wa Unguja. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni wa Tanzania Bara. Katika orodha hiyo hamna mtu wa Mombasa. Jambo hili linastahili kuulizwa, kwa kuwa Mombasa ilikuwa na gazeti lake tangu 1902, A. M. Jeevanjee alipoanzisha African Standard kisiwani hapo, na ilikuwa na washairi karne nyingi kabla ya mtambo wa kwanza wa kuchapa. Mandhari pia haikuwa ya kutafutwa. Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilitumika kama gereza la serikali tangu 1895 hadi 1958, huku nyumba za watu zikiwa hatua chache tu kutoka kutani mwake. Mbele yake kuna mtaa wa Ndia Kuu, na ukishuka unafika Bandari ya Kale, ambako majahazi yalileta watu na shehena kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi. Kila kitu ambacho hadithi ya jinai huhitaji kilikuwapo.

Majibu yanayotolewa juu ya suala hili yamewachanganya wengi. Kuna wanaosema kuwa Mvita, yaani Mombasa, ni mji wa mashairi, na nathari haikuwa na nafasi. Wengine wanasema hadithi za mauaji na ujasusi ni za kizungu, na mji wa dini haukuzitaka. Wapo wanaolaumu uteuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wapo wanaosema tatizo lilikuwa pesa tu. Kila jibu lina ukweli ndani yake, ila uzito wake si sawa. Ili kuyapima, lazima kwanza tufahamu hadithi ya vipande magazetini ni biashara ya namna gani, maana humo ndimo hadithi za upelelezi zilimokulia ulimwenguni.

Hadithi ya vipande na mahitaji yake

Ufaransa ndiko biashara hii ilikoshika mizizi mapema. Eugène Sue alichapisha Les Mystères de Paris katika Journal des Débats mwaka 1842 na 1843, sehemu baada ya sehemu, na watu wakalifuata gazeti kwa ajili ya hadithi. Uingereza ilikuwa na jarida la Strand, lililoanza 1891, ambamo Arthur Conan Doyle alimkuza Sherlock Holmes. Doyle alipomuua Holmes mwaka 1893, wasomaji walilalamika mno, na hatimaye Holmes akarudi katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa vipande mwaka 1901 na 1902. Gaston Leroux aliichapisha The Phantom of the Opera katika gazeti la Le Gaulois mwaka 1909 na 1910. The Thirty-Nine Steps ya John Buchan ilitoka kwa vipande katika jarida la Blackwood's mwaka 1915. Kwa hiyo vitabu vingi vya aina hii tunavyoviona leo kwenye rafu vilianza maisha yake kama karatasi ya kufungia karanga.

Utaratibu wake ulikuwa mgumu kuliko unavyoonekana. Mhariri hutenga safu za urefu maalumu, na mwandishi hulazimika kuzijaza kila toleo bila kupunguza wala kuzidisha. Kipande lazima kimkumbushe msomaji kilichopita, kisogeze kisa hatua moja, kisha kikatike mahali ambapo msomaji hatakubali kukaa bila kujua: mlango unagongwa usiku, barua inafunguliwa, maiti inatambuliwa kuwa ya mtu mwingine. Chini huandikwa “Itaendelea”. Neno hilo ni ahadi ya kibiashara. Aliyenunua kipande cha tatu anadai cha nne, siku ile ile ya wiki, na gazeti lisipotoka analihesabu limemdhulumu. Basi mahitaji ni matatu: gazeti linalotoka kwa ratiba isiyovunjika kwa miezi mingi, wanunuzi wanaorudi, na mwandishi anayelipwa kwa kila kipande. Moja likikosekana, hadithi haifiki mwisho hata mwandishi awe na kipaji namna gani.

Ushairi: sababu au matokeo?

Wanaosema Mvita ni mji wa mashairi wana ushahidi wa kutosha. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alikuwa fundi wa fumbo na majibizano, na tungo zake alizozikusanya Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa ushirikiano na W. E. Taylor zilikuja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Katika tungo za aina hiyo, msikilizaji hupewa jambo lililofichwa, hudondoshewa dalili, na huachiwa kazi ya kufumbua. Mwenye kujua hujibu kwa mizani na vina vile vile. Raha ya hadithi ya upelelezi ni hiyo hiyo hasa, ya kutafuta kabla hujaambiwa. Utamaduni huo haukufa pwani. Katika uchaguzi wa Lamu wa miaka ya 1974 na 1975, mashairi ya Kimondo yalisambazwa kwenye kanda, upande mmoja ukitunga na mwingine ukijibu, na watu wakingoja jibu lijalo kwa hamu ambayo mhariri wa Strand angeitambua mara moja.

Hata hivyo hoja hii inadhoofika tukiangalia majirani. Zanzibar nayo ilikuwa na washairi wengi, na ndiko alikotoka Bwana Msa. Tanga ilimtoa Shaaban Robert, aliyeandika mashairi na nathari kwa mkono mmoja. Watu wa Mombasa wenyewe walizipenda ngano, hekaya za Abunuwasi na visa vya Alfu Lela Ulela, ambavyo ni nathari na ni masimulizi ya kukatizwa usiku ili yaendelee kesho. Kwa hiyo ushairi haukuwazuia watu kupenda visa. Jambo ambalo ushairi ulifanya ni jingine, na halizungumzwi sana: uliijaza nafasi ya gazeti bila gharama. Shairi la beti saba linaenea kwenye safu ndogo. Msomaji hulituma mwenyewe kwa posta bila kudai malipo, na likiwa na swali, wenzake watatu watajibu katika matoleo yanayofuata, nao hawalipwi. Mhariri mwenye mfuko mdogo anapata mfululizo unaongojewa na wasomaji, usiomgharimu chochote. Akipewa kuchagua baina ya huo na riwaya ya sura ishirini inayohitaji mwandishi wa kulipwa, atachagua upi? Kwa maoni yangu, wingi wa mashairi magazetini ulitokana na udhaifu wa magazeti kifedha kama ulivyotokana na mapenzi ya watu kwa tungo.

Dini na gazeti la mageuzi

Hoja ya dini huelekezwa kwa mtu mmoja, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, na inafaa aelezwe kwa haki. Alikuwa mwanachuoni wa Mombasa aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya makala za mawaidha, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la al-Islah. Aliwaandikia Waislamu wa pwani kuhusu elimu, uvivu, ubadhirifu na kuiga mambo ya kigeni bila kupima, kwa Kiswahili cha mjini kwao, wazi na chenye makali. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Ni nathari ya hali ya juu, na inatosha peke yake kuvunja dai kwamba Mvita haikuwa na nathari.

Sheikh al-Amin alikuwa msomaji wa al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo tangu 1898. Sasa, Cairo hiyo hiyo ilikuwa na majarida ya namna nyingine kabisa. Jurji Zaydan alichapisha riwaya zake za kihistoria kwa vipande katika al-Hilal. Khalil Sadiq alianzisha Musamarat al-Sha'b mwaka 1904, jarida lililojaa tafsiri za hadithi za kusisimua za Ulaya. Msomaji wa Kiarabu Mombasa angeweza kuchukua kwa upande wowote. Mji ukachukua upande wa mageuzi, na hapo ndipo watetezi wa hoja hii husimama. Wanasema gazeti la Kiswahili la Mombasa lilizaliwa likiwa mwalimu, na mwalimu hasimulii mauaji.

Hili ni kweli kuhusu gazeti lenyewe, lakini si kweli kuhusu dini. Cairo ilibeba al-Manar na Musamarat kwa wakati mmoja kwa sababu ilikuwa na wachapaji wengi na wasomaji wa kutosha kwa kila upande. Zanzibar ilikuwa ya Waislamu kwa wingi kuliko hata Mombasa, wala haikumzuia Muhammed Said Abdulla. Tofauti iko kwenye idadi. Mji wenye magazeti matano unaweza kuwa na moja la mawaidha, moja la siasa, na moja la visa. Mji wenye moja tu, linaloandikwa zaidi na mtu mmoja aliyelianzisha kwa lengo la kuuamsha umma wake, haupaswi kulaumiwa kwa kukosa hadithi za majambazi. Al-Islah haikudumu muda mrefu. Hata kama Sheikh al-Amin angependa visa, riwaya ingekatikia njiani.

Mkutano wa 1928 na lugha ya wahusika

Hoja ya lugha ina uzito zaidi, na ina uchungu wake, kwa kuwa uamuzi ulifanyika Mombasa kwenyewe. Mwaka 1928, wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisheni walikutana mjini humo, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa wamekitetea Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Huyu Johnson ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vyote vilivyotoka 1929. Treasure Island, alikotoa Kisiwa chenye Hazina, ilikuwa imetoka kwanza kwa vipande katika jarida la watoto Uingereza mwaka 1881 na 1882. Waswahili walipokea hadithi iliyozaliwa gazetini ikiwa imeshafungwa jalada na kupelekwa darasani. Walipata kisa, lakini hawakupata ile desturi ya kukingoja wiki hadi wiki.

Kwa mwandishi wa Mji wa Kale wa Mombasa, madhara yalikuwa makubwa. Ushairi uliruhusiwa kubaki na lahaja, kwa sababu mizani ilidai hivyo na kwa sababu Kimvita na Kiamu vilikuwa na heshima ya kale katika tungo. Nathari haikuruhusiwa. Aliyeandika ndia, nti na mato badala ya njia, nchi na macho alisahihishwa kana kwamba hajui kuandika. Na hadithi ya upelelezi inaishi kwa mazungumzo. Mpelelezi akisimama dirishani Kibokoni akisikia sauti mbili upande wa pili, sharti ajue mmoja ni mtu wa Lamu, mwingine ni mgeni wa bara aliyekaa bandarini miaka michache tu, na muuza duka aliyewajibu ni Mhindi wa pale pale. Matamshi ni ushahidi. Ukiwalazimisha wote waseme Kiswahili cha kitabu, umeiondoa nusu ya dalili, na umebaki na kisa ambacho kingeweza kutokea mji wowote. Muhammed Said Abdulla hakukabiliwa na shida hii kwa kiwango hicho. Mazungumzo ya Bwana Msa na sahibu yake Najum yalikuwa karibu na lugha iliyokubaliwa rasmi, na hata pale alipotumia Kiunguja cha mtaani, ilionekana ni ladha, haikuonekana ni kosa.

Pamoja na nguvu yake, hoja hii ina mpaka. Mamlaka ya Kamati yalikuwa juu ya vitabu vya shule. Magazeti ya watu binafsi hayakuhitaji idhini yake, na mhariri wa Mombasa aliyetaka kuchapa kisa cha Kimvita asingeshtakiwa. Tena waandishi wa Mombasa wa baadaye, akina Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla, waliweza kutembea baina ya lahaja na usanifu bila kujikwaa. Lugha inaeleza vizuri kwa nini vitabu vya upelelezi havikutoka Mvita. Haielezi vizuri kwa nini magazeti hayakuvibeba.

Ratiba, karatasi na mfuko

Tunarudi basi kwenye yale mahitaji matatu, na hapa ndipo ninapoona sababu kuu. Makao makuu ya utawala yalihamia Nairobi mwaka 1905, na African Standard ikafuata mwaka 1910. Mombasa ikabaki na Mombasa Times, gazeti la Kiingereza. Magazeti makubwa ya Kiswahili ya Kenya yaliyokuja baadaye, Baraza mwaka 1939 na Taifa Leo mwaka 1960, yote yalikuwa ya Nairobi. Magazeti ya Kiswahili ya Mombasa yenyewe yalitegemea mfuko wa mtu au kikundi kidogo, na uhai wake ulikuwa wa kubahatisha. Linganisha na Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Serikali ililigharimia, likatoka kila mwezi mwaka baada ya mwaka, na likawazoesha wasomaji wa Kiswahili kwamba kilichoanza mwezi huu kinaweza kumalizika mwezi ujao. Halikuwa gazeti huru hata kidogo. Lakini lilikuwa na kitu ambacho uhuru peke yake hauleti, nacho ni uhakika wa kutoka.

Kuna jambo la pili, linalohusu usomaji wa barazani. Gazeti moja lililonunuliwa Mji wa Kale lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi, kisha likapita nyumba ya pili. Kwa jamii hiyo ni neema, maana hata asiyejua kusoma alipata habari. Kwa mwenye gazeti ni hasara, kwa kuwa masikio kumi yalilipiwa nakala moja. Hadithi ya vipande ya Ulaya ilistawi juu ya msingi wa kila nyumba kununua nakala yake. Mtu anaweza kupinga kwamba hata Dar es Salaam na Zanzibar watu walisomeana, na ni kweli. Ila Mambo Leo lilikuwa na serikali nyuma yake ya kuziba pengo, na Mombasa haikuwa na wa kuliziba.

Zipo pingamizi mbili nzito zaidi dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla yenye Bwana Msa, haikutoka gazetini: ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Ni sahihi. Lakini tazama aliyeshinda alikuwa nani. Muhammed Said Abdulla aliacha kazi ya afya mwaka 1948 akaingia uandishi wa habari, akahariri Zanzibari, akafanya kazi Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, kisha mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima hadi alipostaafu miaka kumi baadaye. Alikuwa na mshahara wa gazeti, na ufundi wa kukata habari kwa kipimo. Pingamizi ya pili ni kwamba magazeti ya Zanzibar nayo yalikuwa madogo na ya kisiasa. Ni kweli pia, na kwa hiyo hayakuzaa hadithi ya vipande yenyewe. Yalizaa mwandishi, na shindano likampa jukwaa, na lugha yake ikapita kwa waamuzi bila kikwazo. Mvita ilikosa yote matatu kwa mpigo. Ndiyo maana ninaweka pesa na ratiba mbele, lugha ya pili, dini mwisho kabisa.

Je, Mvita ilipoteza nini?

Wapo wahakiki watakaosema haikupoteza kitu. Wana hoja. Riwaya pendwa, kama zinavyoitwa vyuoni, mara nyingi hurefushwa ili safu zijae; shujaa hafi kwa kuwa anauza; mwanamke huingizwa kama chambo, akishamaliza kazi hiyo hatajwi tena; na msomaji, kama waliomlazimisha Doyle kumfufua Holmes, humtawala mwandishi. Magazeti ya Tanzania ambamo Eric Shigongo alichapisha hadithi zake kwa vipande yanaonyesha faida na kasoro hizo pamoja: yaliwafikia watu ambao hawajawahi kuingia duka la vitabu, na yalidai kisa kipya kabla mwandishi hajapumua.

Ninakubali kasoro zote hizo, na bado naona hasara ni kubwa. Mashairi ya Mvita yamehifadhi hekima, mapenzi na siasa za mji. Hayakuhifadhi bei ya chumba Mkanyageni, wala namna karani wa forodha anavyoficha shehena, wala jinsi askari wa kikoloni alivyomhoji mtu ndani ya Fort Jesus. Mambo hayo ya kila siku ni chakula cha hadithi ya jinai kuliko utanzu wowote. Unguja inayo katika Bwana Msa kumbukumbu ya mashamba, madaraka na tabaka za miaka ya mwisho ya ukoloni, iliyoandikwa na mtu aliyeyaona. Mombasa ya miaka hiyo, yenye makuli, manahodha, makadhi na makachero wake, haina kumbukumbu ya namna hiyo kwa lugha yake yenyewe.

Leo karatasi si kikwazo tena. Simulizi za vipande zinasambazwa kwa simu, na anayezifuata hahitaji gazeti kufika kwa gari la asubuhi kutoka Nairobi. Yaliyobaki ni mambo mawili: malipo ya uhakika kwa kila kipande, na ruhusa ya lahaja. Mhariri wa gazeti la Kiswahili anayetaka kulipa deni hili ampe mwandishi wa Mji wa Kale nafasi ya kila wiki kwa mwaka mzima, amlipe kila kipande kinapotoka, aache masimulizi yawe ya Kiswahili sanifu kama mwandishi atakavyo, na asiguse Kimvita kinywani mwa wahusika.